Unga Ndani ya Rangi Mbili

Alhamisi, 3 Julai 2025

Nimeficha jambo moja tangu mwaka 1986. Leo nalitia wino kabla moyo huu haujasimama: kapsuli nyingi nilizogawa katika zahanati yangu zilikuwa na unga wa muhogo.

Basi. Limeandikwa. Paa halijaanguka. Mke wangu Walburga yuko uani anachambua maharage na kumtukana kuku aliyeingia jikoni.

Nijieleze sawasawa, maana kesho ni Ijumaa ya kwanza ya mwezi na Padri analeta Komunyo kwa sisi wagonjwa wa mtaa. Nataka kuungama bila kubabaika. Nina miaka themanini na mbili. Miguu imevimba, moyo umechoka. Daktari alitumia neno hilohilo — umechoka! Kana kwamba ulikuwa unalima mahindi. Sijui kama nitaiona Krismasi. Simlaumu mtu. Nimekula vizuri.

Zahanati ile ya kijijini, njia ya Tunduru, niliiongoza kama tabibu miaka kumi na minane. Kasha la dawa lilikuja mara moja kwa mwezi, bure, kutoka serikalini. Ndani yake kopo moja la antibayotiki: kapsuli elfu moja, nusu nyekundu nusu nyeusi. Watu waliziita rangi mbili na kuziamini kuliko sala. Mafua — rangi mbili. Mgongo — rangi mbili. Mke amerudi kwao — Daktari, hebu nipe rangi mbili! Ukimweleza mtu kwamba mafua hayaponi kwa dawa ile, anatoka nje anatangaza: dawa zipo, kazificha auze. Zahanati za jirani kopo liliisha wiki ya pili. Mwenye nimonia akija wiki ya tatu aliambulia pole.

Hapo nikapata ujanja. Stoo kulikuwa na makopo manne yaliyopita muda wake, yanasubiri wilaya ije kuyateketeza. Wilaya haikuja. Nikafungua kapsuli moja moja, dawa iliyoharibika nikaifukia, magamba nikayajaza unga wa muhogo. Walburga ndiye aliyeuchekecha, mara tatu, kwa shela yake ya harusi. Hakuna mwingine aliyejua. Mwenye mafua alipewa unga. Mwenye ugonjwa wa kweli alipewa dawa ya kweli. Na wote walipona! Wa unga walinisifu zaidi.

Kopo langu likawa halimaliziki. Wilaya wakashangaa. Wakanipa baiskeli mpya mbele ya watu — mtumishi hodari wa kutunza dawa. Nilitoa hotuba. Mungu anisamehe, ilikuwa hotuba nzuri.

Ijumaa, 4 Julai

Padri amekuja na pikipiki, pua inachuruzika kwa baridi. Kijana mwenye adabu. Walburga akampa chai ya tangawizi, kisha akatuachia chumba, akasimama nyuma ya mlango kama kawaida yake. Nikamwambia, Walburga, naona vidole vyako vya miguu. Akaondoka.

Nikaungama. Nilipofika kwenye unga, Padri aliinama akashika paji la uso. Nikadhani anasikitika. Mabega yakaanza kutikisika. Anacheka! Akaomba radhi. Akauliza na hiyo shela iko wapi. Nikamwambia ipo sandukuni, ina vumbi la muhogo hadi leo.

Kisha akawa makini. Akauliza: je, yupo mtu aliyeumia kwa unga huo?

Nikakohoa. Kikohozi changu siku hizi ni kirefu, kinaweza kufunga mkutano wowote. Yeye akasubiri. Nikasema, Padri, wagonjwa walikuwa wengi, nani anajua. Malipizi aliyonipa: nimwambie ukweli mtu mmoja ambaye ukweli huo utamfaa. Mmoja tu. Nilitegemea rozari tano na safari ya magoti!

Nilidhani sina mtu wa kumwambia. Saa tisa mchana akaja Pamela.

Pamela ni mjukuu wangu, anauza kwenye duka la dawa muhimu hapa hapa Mfaranyaki. Anapofunga duka kwenda kula, hupita kutuchekesha. Leo alikuja na kisa cha mteja aliyetaka antibayotiki "za buku mbili", yaani za shilingi elfu mbili. Akamwambia, kaka, dozi nzima ni elfu sita, na ulete cheti cha daktari. Yule akasema, dada, nimeuliza dawa, sijauliza shule. Akavuka barabara, akaingia duka la pili, akarudi na kapsuli nne kiganjani kumwonyesha. "Wenzako wana roho ya biashara," akamwambia. Akazimeza palepale bila maji, akimkodolea macho.

Kila mara Pamela humaliza kwa maneno haya: ningekuwa na Babu yangu pale kaunta, wangenyooka. Anawasimulia hata wenzake kwenye semina. Kwamba kopo la Babu lilifika mwisho wa mwezi wakati ya wengine yamekauka. Anawaambia hiyo ndiyo nidhamu ya dawa.

Huwa natazama chini. Anadhani ni unyenyekevu.

Kisha akasema: Babu, rafiki yako Mzee Sefu anaumwa sana. Zabibu, mkwe wake, alikuja dukani analia.

Jumamosi, 5 Julai

Sefu ni mtani wangu. Yeye Myao wa Tunduru, mimi Mngoni, na utani wetu tuliurithi kabla hatujazaliwa. Alikuwa akinunua korosho na kuishi na mkewe karibu na zahanati yangu, miaka hiyo yote. Mara ya kwanza kunisalimia aliniambia nipishe mlangoni, Mngoni hana ruhusa ya kukaa kivulini. Tumependana tangu hapo. Sasa anakaa Ruhuwiko kwa mwanawe Ibra, seremala, na Zabibu mke wa Ibra. Ibra hasikii. Homa ilimla masikio akiwa na miaka tisa.

Tuna mapatano, mimi na Sefu. Nikitangulia mimi, atakuja kwenye msiba wangu, avae suruali yangu, akohoe kama mimi, alale mlangoni mwa kaburi mpaka wanangu wamlipe jogoo. Alishaanza mazoezi. Ana kikohozi changu kuliko mimi mwenyewe.

Sasa anakohoa kweli. Pamela kanieleza kama alivyoelezwa na Zabibu. Wiki tatu. Mwanzoni alinunua kapsuli mbili duka moja la mtaa wa Bombambili, akapata nafuu, akaacha. Ikarudi, akanunua tatu za aina nyingine. Akaacha. Maduka manne! Hakuna aliyemwuliza cheti. Alipofika hospitali walimpiga picha ya kifua, nimonia. Wakaotesha makohozi yake maabara. Mdudu aliyeota hakuguswa na dawa yoyote ya kumeza. Amekuwa sugu. Imebaki sindano ya mshipa, siku kumi, wodini.

Hana bima, lakini Ibra kasema atauza kabati la milango mitatu, alipe. Pesa si tatizo. Tatizo ni Sefu. Alilala wodini siku moja, akachomoa mpira wa dripu, akavaa baraghashia, akarudi nyumbani kwa bajaji. Akamwambia daktari: dawa yangu naijua, iko kwa Mngoni mmoja Mfaranyaki, imeniponya miaka thelathini na tisa.

Ni kweli. Kila majira ya baridi, hata baada ya kustaafu, nilimpa dozi yake. Kapsuli ishirini na moja. Akiwa na mafua siku zote, na siku zote yakapona. Sikuwa na moyo wa kumnyima. Na magamba yalikuwepo.

Pamela aliniuliza jana, ni antibayotiki gani hiyo, Babu, inayoponya miaka yote hiyo? Kikohozi changu kikanisaidia.

Basi Padri, mtu wa kumwambia amepatikana. Kesho naenda.

Jumapili, 6 Julai

Nimechoka lakini lazima niandike. Sijawahi kushindwa kuungama namna hii!

Walburga alinipakia kwenye bajaji kama gunia la mbolea, akakaa pembeni ananishika mkanda. Ruhuwiko baridi ilikuwa ya kukata masikio. Ibra alikuwa uani anapiga randa. Akaacha kazi, akanibeba hadi ndani. Kunibeba mimi! Ana kifua kama mlango. Sikumtazama sana.

Sefu amekonda. Mto umeinuliwa, anapumua kwa mabega. Lakini aliponiona macho yakawaka.

"Mngoni! Nani kakupa ruhusa ya kuvuka mto?"

"Nimekuja kuhakikisha umekufa."

"Bado. Nakusubiri. Nani atavaa ile suruali yako mbaya?"

"Babu zako walipokimbia mikuki yetu waliacha suruali ngapi?"

"Hatukukimbia! Tulikuwa tunatafuta udongo wa korosho." Akakohoa mpaka Zabibu akamshika mgongo. Makohozi yana rangi ya kutu. Nimeona makohozi hayo mara nyingi. Nilisikiliza pafu kwa sikio langu, mgongoni, kama zamani. La kulia limejaa. La kushoto limeanza.

Akanyoosha mkono. "Haya, lete dawa."

Nikakaa vizuri. Nikamwambia. Sikupunguza neno. Kwamba zile kapsuli ni unga wa muhogo, tangu 1986, kila moja, na zimemkuta akiwa na mafua tu, na mafua huondoka yenyewe. Kwamba huyu mdudu wa sasa ataumaliza unga na yeye pamoja. Arudi hospitali leo.

Alinitazama usoni. Kisha midomo ikaanza kucheza. Akacheka! Akacheka hadi akajishika mbavu kwa maumivu. Akamwita Zabibu aje asikie. "Mngoni anasema amenilisha ugali wa kapsuli miaka arobaini!" Zabibu naye akacheka, maskini, alikuwa hajacheka wiki nzima.

Nikatoa kapsuli mfukoni, nikaitenganisha mbele yake, unga ukamwagika kiganjani. Onja, nikamwambia. Akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Muhogo."

"Ndiyo!"

"Umetia muhogo leo asubuhi, uje unicheke na ugonjwa wangu. Wallahi, Mngoni, hata Malaika wa mauti akija utamfanyia utani. Haya, umeshinda. Sasa toa za kweli."

Nikamwita Walburga awe shahidi. Akaapa kwa Bikira Maria. Sefu akamwambia, shahidi wa Mngoni ni Mngoni, shemeji, wewe ndiye umemshonea uongo huu. Walburga alikasirika, kisha akacheka yeye pia. Tulicheka wote wanne. Ibra alisimama mlangoni akituangalia, akatabasamu bila kujua kwa nini.

Nimerudi nyumbani. Nimemwambia mtu ukweli. Haujamfaa.

Jumatatu, 7 Julai. Saba Saba

Sikukuu. Ngoma mbali, upande wa mjini.

Zabibu alituma jogoo kupitia kwa mwenye bodaboda, na ujumbe wa Sefu: huyu ni malipo ya kichekesho cha jana, dawa aje nayo Mngoni mwenyewe. Jogoo mnene. Walburga anamtazama kwa mahaba.

Nikampigia simu Sefu. Walburga akaiweka spika. Nikasema, Sefu, si utani. Akasema, na mimi si utani, umechelewa kuzileta, kifua kinabana. Nikasema, haziko! Akasema, hata mwaka ule wa njaa ulisema haziko, ukatoa. Kweli, nilisema hivyo. Nilikuwa nikimtania.

Miaka thelathini na tisa ya uongo mtamu, ukweli unapata wapi nafasi?

Simu ikachukuliwa na Zabibu. Amekwenda kando, nasikia mbwa. Anasema hali chakula. Anasema midomo imeanza rangi nyingine.

Jumatano, 9 Julai

Nimemwambia Pamela.

Sikutaka. Lakini nilihitaji kichwa chenye elimu ya leo. Nilimkalisha hapa kitandani, nikaanza na kasha la dawa, nikaishia na shela. Hakukatiza. Alikuwa anafunua na kufunika kalamu yake.

"Na baiskeli?"

"Na baiskeli."

Akaenda dirishani. Akanipa mgongo. Nilidhani nimempoteza. Kumbe anafikiri.

"Babu, wale wenye mafua ulifanya vyema kutowapa antibayotiki. Ila uliwadanganya. Na uliwafundisha."

"Kuwafundisha nini?"

"Kwamba kila kikohozi kina kapsuli yake. Hao ndio wananijia mimi leo na buku mbili."

Jamani. Themanini na mbili, na sijawahi kuliona hilo. Nilidhani nimelinda kopo. Kumbe kopo lililindwa, imani ikaachwa wazi. Mzee wa zahanati jirani, ambaye kopo lake liliisha, angalau watu wake walijifunza kupona mafua bila kitu.

Nikamwuliza: hatuwezi kujaza yale magamba dawa ya kweli, tumpe Sefu, ameze akiamini ni zangu? Nilijiona mwerevu! Pamela akatikisa kichwa. Dawa ya kweli ya kumeza ndiyo hiyo mdudu anaicheka, Babu. Iliyobaki ni ya mshipa, na sindano haiingii kwenye gamba.

Akaniambia amempigia daktari wa wodi. Kitanda bado kipo. Daktari kasema mapafu yote mawili yakishikwa, siku mbili, tatu. Hakumalizia.

Pamela alipofika mlangoni akageuka. "Babu. Kwa macho tu, bila maabara. Hukuwahi kukosea? Ukampa unga aliyehitaji dawa?"

Swali la Padri. Karibu neno kwa neno.

Nikamwambia awahi duka, wateja wanasubiri.

Alhamisi, 10 Julai

Jogoo tumemla. Mtamu. Nimekula paja moja na aibu yote.

Walburga kanitazama leo kwa muda mrefu, akaniuliza: Mzee, mbona Sefu anaamini kila uongo wako, ukweli mmoja hauamini? Nikamwambia kwa sababu kila neno baina yetu ni utani. Tangu tujuane hatujawahi kuambiana jambo lisilochekwa. Nilipofiwa na Leonce wangu, mwanangu wa kwanza, Sefu alikuja msibani akajilaza juu ya magunia ya mchele akasema haondoki mpaka alipwe, na mimi nikacheka huku nalia. Ndivyo alivyonishika mkono.

"Hakuna hata kimoja msichotania?"

Kipo. Kimoja. Hatukukipanga, kilijipanga chenyewe. Masikio ya Ibra. Kuna mjinga mmoja alijaribu, harusini, akasema seremala huyu hasumbuliwi na kelele za mkewe. Sefu alinyanyuka akatoka. Mimi nilitoka nyuma yake. Hatukurudi ndani.

Walburga hakuuliza zaidi. Anajua kuchekecha, yule mwanamke.

Ipo njia basi. Nimeijua tangu Jumapili, tangu Ibra aliponibeba.

Naogopa. Nimeandika neno hilo nione linavyokaa. Naogopa kuliko kufa. Kufa nimeshazoea.

Ijumaa, 11 Julai

Naandika hapa hapa Ruhuwiko, daftari juu ya goti, asiye na uwezo wa kusoma mwandiko huu asinilaumu. Nimekaa kwenye kiti cha mninga alichochonga Ibra. Bajaji iko nje, injini inaunguruma, Walburga anabishana na dereva kuhusu kusubiri.

Nilipoingia Sefu alijaribu. "Mngoni... umeleta?" Maneno mawili kwa pumzi moja. La tatu hakulipata.

Nikamwomba Zabibu atuache. Nikasogeza kiti. Sikumwita mtani. Nilimwita Sefu bin Mustafa, jina lake la kwenye daftari la zahanati.

Nikamwambia habari ya mwaka 1993. Sitaiandika mara mbili. Nimeisema mara moja, kwa sauti, na mtu aliyepaswa kuisikia kwanza amesikia.

Hakucheka.

Mwanzo alingoja, nikaona anangoja, macho yanatafuta usoni kwangu mahali pa kuanzia kucheka. Hakupata. Akageukia ukutani. Nilihesabu pumzi zake, kazi niliyoizoea. Arobaini na mbili kwa dakika.

Kisha akasema, bila kugeuka: "Kwa hiyo ule ni unga."

"Ni unga."

"Zote."

"Zote, Sefu."

"Na mimi sina dawa."

"Dawa yako iko hospitali. Kitanda kipo. Bajaji iko mlangoni."

Huko nje randa ya Ibra, shwaa, shwaa. Marehemu Mwamvua, mama yake, alikuwa akisema mtoto huyu alianza kupenda mbao kwa sababu mbao hazimsemeshi.

"Nitakwenda," Sefu akasema. Moyo wangu huu mchovu uliruka! Nikataka kuita Zabibu. Akanishika mkono. Vidole vya baridi, lakini vina nguvu. "Kwanza mwambie mwenye hayo masikio. Wewe, si mimi. Nisikubebee mzigo wako, Daktari. Ukimwambia, napanda bajaji. Usipomwambia, nalala hapa hapa."

Aliniita Daktari. Hakusema Mngoni.

Nikamwomba angalau aende kwanza, nitamwambia Ibra wodini. Akafumba macho. Ananijua. Miaka thelathini na miwili nimejisemea nitamwambia.

Zabibu amekwenda kumwita. Randa imenyamaza. Nimefungua daftari hili ili mikono ipate kazi.

Ameingia. Vumbi la mbao kwenye nyusi. Amemwangalia baba yake aliyegeukia ukutani, ameniangalia mimi, amegundua kuna jambo. Anauliza kwa mikono: nini? Sijui lugha yake ya mikono. Nimemfahamu tangu anatambaa na sijajifunza hata salamu yake! Siku zote tumeandikiana, kwa penseli yake ya kazi, kwenye vipande vya mbao. Bei ya kiti. Shikamoo. Hujambo. Mvua imechelewa.

Anapiga magoti mbele ya kiti ili tuwe sawa. Ananitazama midomo. Midomo yangu haifanyi kitu. Anaona daftari, anaona kalamu, anatabasamu — ndiyo, andika, Babu. Amegeuza kichwa pembeni ili asome kadiri ninavyoandika. Kichwa chake kiko hapa, karibu na mkono wangu. Sefu amegeuka kutoka ukutani, anatazama.

Naandika kwa herufi kubwa.

IBRA. MWAKA 1993, MWEZI WA SITA, MAMA YAKO ALIKULETA KWANGU. ULIKUWA NA HOMA. ULISHIKA SIKIO. SIKUWA NA HARAKA, SIKUWA NA WAGONJWA WENGI, TOCHI ILIKUWA MEZANI. NILIONA KAMASI, NIKASEMA MAFUA, SIKUTAZAMA NDANI. DAWA YA KWELI ILIKUWEPO KABATINI, KOPO ZIMA.

NILIKUPA UNGA.